Kurudi Katika Nyumba ya Zamani



Dominika ya tarehe 1 Agosti 2021, baada ya Misa na chakula cha mchana, tuliketi sebuleni kwa mdogo wetu pamoja na wanawe wawili, mbele ya televisheni. Umeme ulikuwapo siku hiyo, jambo la kushukuru. Vijana hao hupenda mbio za magari za Formula 1, nasi, ambao hatujawahi kumiliki hata pikipiki, tumeambukizwa nao. Mbio zilikuwa zikifanyika Hungaria, katika uwanja wa Hungaroring ulio karibu na Budapest. Ilipobaki mizunguko yapata kumi na mitano, yule mdogo akatuuliza: "Baba mkubwa, huyu mzee anapigania nini? Hawezi kushinda."

Mzee aliyemsema ni Fernando Alonso, Mhispania, aliyetimiza umri wa miaka 40 siku tatu tu kabla ya hapo. Alikuwa katika nafasi ya nne. Nyuma yake alikuja Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara saba, mwenye gari la kasi zaidi na matairi mapya zaidi. Mbele kabisa, akiongoza mbio kwa mara ya kwanza namna hiyo, alikuwa kijana Mfaransa wa miaka 24, Esteban Ocon, mwenzake Alonso katika timu ya Alpine. Hatukumjibu mtoto mara moja. Swali lake lilitugusa mahali ambapo yeye hakupajua.

Ili mwelewe, yafaa tueleze kidogo. Timu hiyo yenye makao Enstone, Uingereza, imebadilisha majina mara nyingi. Alonso alipoingia kuishindania mwaka 2003 iliitwa Renault. Mwaka huo huo, katika uwanja uleule wa Hungaroring, alipata ushindi wake wa kwanza akiwa na miaka 22. Akawa bingwa wa dunia mwaka 2005, na tena mwaka 2006. Kisha akaenda McLaren, wakagombana huko, na mwaka 2008 akarudi Renault kama mtu anayekimbia mvua kwa kurudi nyumbani. Alishinda mara mbili mwaka huo, ingawa ushindi mmoja, ule wa Singapore, ulitiwa doa baadaye na kashfa iliyowaondoa wakuu wa timu. Yeye hakukutwa na hatia. Mwaka 2010 akaenda Ferrari. Halafu McLaren tena, huko alikowahi kugombana, na miaka hiyo ilikuwa michungu.

Mwishoni mwa 2018 aliacha Formula 1, lakini hakukaa bure. Alishinda Saa 24 za Le Mans mwaka 2018 na 2019, mbio ambazo madereva watatu hupokezana gari moja, na kila mmoja hana budi kukubali gari lililopangwa ili liwafae wote. Mwaka 2020 alikwenda jangwani kushindana katika Dakar, mchezo ambao hakuwa na sifa yoyote ndani yake, akamaliza wa 13. Bingwa wa dunia, wa 13! Katika mwaka huo huo akatia sahihi kurudi Enstone kwa mara ya tatu, akijua wazi kwamba gari la 2021 halingeweza kumpa ubingwa.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini hawakutuambia mrudi kwao hupokelewa vipi. Februari 2021, Alonso aligongwa na gari akiendesha baiskeli huko Uswisi, taya likavunjika. Alianza msimu akiwa na vibati vya titani ndani ya taya. Katika mbio za kwanza, Bahrain, gari lake lilikwama kwa sababu karatasi ya kufungia mkate iliingia penye breki. Pale Imola alipangwa wa 15 mwanzoni, na yule kijana Ocon wa 9. Alonso alikiri hadharani kwamba bado hajaendesha inavyostahili.

Shida haikuwa uzee peke yake. Gari alilolijua ndani ya nyumba ile lilikuwa na uzito wa chini wa kilo 600. Hili la mwaka 2021, kilo 752. Lile lilijazwa mafuta katikati ya mbio, hili halijazwi. Mwaka 2005 matairi hayakubadilishwa wakati wa mbio, sasa ni lazima kuyabadilisha na kuyalinda. Na zaidi ya yote, mkono wake. Enzi zile alijulikana kwa kukata usukani kwa nguvu na mapema kwenye kona, akiyalazimisha matairi ya mbele yamtii. Ndiyo namna iliyompa ubingwa, na ndiyo aliyopaswa kuisahau. Sisi walimu twajua: kumfundisha asiyejua si kazi kubwa, kazi ni kumfundisha aliyewahi kufaulu.

Hapa yatupasa kusema letu. Miaka kadhaa kabla ya Dominika ile, sisi pia tulirudi katika shule ya sekondari, sehemu ya ualimu, tuliyoiacha kwa hasira miaka tisa nyuma. Tulimkuta prefe aliyekuwa mwanafunzi wetu. Alitupokea kwa heshima zote, akatupa darasa la chini. Darasa la mwisho, ambalo tuliliita letu, lilikuwa la mwalimu kijana. Kila mkutano wa walimu tulianza na neno "zamani hapa", mpaka kijana huyo akasema kwa upole: "Papa Mwalimu, hiyo zamani sisi hatukuwepo." Wote walicheka, nasi tukacheka, lakini tulirudi nyumbani na mwiba.

Baadaye mkaguzi akatangaza kuja. Yule kijana alikuja kutuomba daftari zetu za maandalizi ya masomo, za miaka tuliyoshika darasa lile. Tulimwambia hatukumbuki zilipo. Zilikuwa katika sanduku, chini ya kitanda chetu. Mkaguzi alikuja, kijana akababaika mbele ya wanafunzi wake, nasi tulikuwa chumba cha pili tukisikiliza.

Kwa hiyo mtoto alipouliza mzee yule anapigania nini, tulitazama bila kusema. Hungaroring ni uwanja mwembamba wenye kona nyingi, na kumpita mtu pale si rahisi. Hamilton alijaribu nje, akajaribu ndani, na kila mara Alonso alikuwa amekwisha kuliweka gari mahali ambapo mwenzake alitaka kupita. Hakufanya fujo: alifunga breki akiwa amechelewa kidogo, akaacha nafasi ya upana wa gari moja, akatoka kwenye kona kwa namna ya kumnyima mwenzake kasi. Ilichukua mizunguko yapata kumi hivi, Hamilton akapita hatimaye mzunguko wa 65 kati ya 70. Ocon akashinda, ushindi wake wa kwanza na wa kwanza wa timu kwa jina la Alpine. Hamilton alifika chini ya sekunde tatu nyuma yake. Fanyeni hesabu wenyewe. Ocon alimshukuru mzee hadharani, na uwanja ulikuwa uleule wa mwaka 2003.

Tusimfanye mtakatifu. Mwaka 2022, huko São Paulo, yeye na Ocon waligongana mara mbili katika mbio fupi za Jumamosi, na mwisho wa mwaka akaondoka kwenda Aston Martin. Lakini kabla ya hayo, Novemba 2021 nchini Qatar, Alonso alikuwa wa tatu na Sergio Pérez akija kwa kasi nyuma. Aliomba kwa redio kwamba Ocon, aliyekuwa kati yao, amzuie. Ocon akafanya alivyoweza. Alonso alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2014.

Shule zilipofunguliwa mwaka ule wa 2021, tulilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Daftari mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Zilizobaki tulizifuta vumbi, tukampelekea yule mwalimu, ambaye si kijana sana tena. Tulimwambia zilikuwapo wapi siku zote. Alinyamaza muda mrefu, akifungua kurasa. Kisha akauliza kama somo la kuandaa jaribio la mtihani limo, maana wanafunzi wake wanalishindwa. Halikuwamo. Lilikuwa katika zile mbili, ikabidi tukae tuliandike upya pamoja, yeye akitusahihisha mahali ambapo programu imebadilika.