Mkono Uliopona Hospitalini

Nilipoanza kazi katika chumba cha mazoezi ya viungo, mfukoni mwa koti langu hakukosekana goniometa. Ni vijiti viwili vya plastiki vilivyoungana ncha, mfano wa bikari ya shuleni, na kazi yake ni kupima kiungo kinakunjika digrii ngapi. Mezani kilikaa chuma cha Jamar, ambacho mgonjwa hukibana kwa nguvu zake zote na mshale ukaonyesha kilo za mshiko. Niliviamini mno vyombo hivyo. Mgonjwa anayemheshimu daktari atasema "naendelea vizuri" hata kama usiku halali, lakini mshale hauoni haya.

Kisha akaja mama lishe mmoja. Aliteleza uani, akajikinga kwa kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Ni mvunjiko uleule ambao Abraham Colles wa Dublin aliueleza mwaka 1814, wakati eksirei bado haijagunduliwa. Akapasuliwa, akawekewa vyuma. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nikampima: kifundo kinainuka digrii 60, mshiko kilo 18, ule wa kushoto ulio mzima kilo 21. Nikaandika kwenye faili "amepona", nikampa hongera.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akainuka kitini. Hapo ndipo nilipoona. Alijisukuma kwa mkono wa kushoto peke yake. Ule wa kulia aliukumbatia tumboni kama mtu aliyebeba yai.

"Mama, mbona mkono huo huutumii?"

"Hapa kwako umepona," akanijibu taratibu. "Nyumbani bado."

Nikamwomba akae tena, akanieleza. Ugali wa wateja 30 anausonga binti yake. Kanga akishazifua, jirani ndiye anayezikamua. Usiku mkono unawaka moto hadi anautoa nje ya shuka. Mambo yote hayo alikuwa nayo tangu mwezi wa kwanza, na mimi kila wiki nilikuwa nikimshika mkono huohuo bila kumuuliza.

Nilijifunza baadaye kwamba wenzetu walikwishalitafutia dawa tatizo hili. Mwaka 1996 lilitoka dodoso la DASH, lenye maswali 30 juu ya mkono wote kuanzia begani, na mwaka 2005 likafupishwa kuwa maswali 11. Lililonigusa zaidi ni lile la kifundo cha mkono, PRWE, lililoandaliwa na Joy MacDermid wa Kanada miaka ya 1990. Lina maswali 15: 5 ya maumivu, 10 ya kazi za mikono, kila moja likijibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Moja linauliza: unaweza kujisukuma kuinuka kitini kwa mkono ulioumia? Niliposoma swali hilo nilimkumbuka yule mama, nikaona uchungu.

Kuyatumia madodoso hayo kwetu hakukuwa rahisi. DASH inataja frizibi, mchezo wa kurushiana kisahani. PRWE inauliza juu ya karatasi za chooni, na wengi wetu tunatumia maji. Nikatamani kufuta na kuandika mambo yetu: mbuzi ya nazi, mwiko, kusujudu kiganja kikiwa sakafuni. Lakini ukibadilisha swali kiholela, alama zako huwezi tena kuzilinganisha na za mtu mwingine popote. Tafsiri ya dodoso ina taratibu zake: watu wawili hutafsiri kila mmoja kivyake, wengine wakairudisha katika lugha ya asili, kisha hujaribiwa kwa wagonjwa 30 hadi 40.

Likaja na jambo ambalo sikulitarajia. Kwenye PRWE, 10 ndiyo hali mbaya kabisa. Sisi tumelelewa na shule: kumi kwa kumi ni pongezi. Mzee mmoja alinipa 10 kila swali huku akitabasamu, na mkono wake ulikuwa mzima kabisa. Tangu siku hiyo naanza kwa kueleza namba, na kwa asiyesoma, maswali anasomewa na mtu mwingine asiyevaa koti jeupe. Nikisoma mimi, hunijibu kwa kunihurumia.

Goniometa sijaitupa. Kifundo kilichokakamaa hakitalainika kwa kuulizwa maswali. Ila sasa dodoso linatangulia, na mazoezi ninayopanga yanafuata kile kilichopewa alama mbaya.

Mama lishe aliendelea na kliniki, tukafanya mazoezi ya kusonga na kukamua kwa taulo lililolowa. Siku tuliyotarajia kuagana, maumivu yalikuwa 1, kuinuka kitini 0. Swali la mzigo linataja kama kilo 4 na nusu. Hapo pia alisema 0, halafu akanitazama.

"Lakini ndoo ya lita 20, mwanangu, bado inanishinda."

Nikaiandika ndoo pembeni mwa karatasi, tukapanga tarehe nyingine.