Tanzia: Jeraha Dogo la Ubongo

Tunatangaza kifo cha Jeraha Dogo la Ubongo, jina ambalo kwa miongo kadhaa madaktari wa Ulaya na Marekani walimwandikia mtoto asiyetulia, asiyemaliza alichoanza na anayejibu kabla swali halijaisha. Alifariki mwaka 1980, pale Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tatu la mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili na kuipa hali hiyo jina jipya. Msibani kwetu wasifu husomwa, kisha hutajwa madeni. Naomba nifuate utaratibu huo huo.

Mtoto wa namna hii alikuwapo kabla ya marehemu. Mwaka 1798 daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu ambao umakini wao huvutwa na kila sauti inayopita. Mwaka 1845, mjini Frankfurt, daktari Heinrich Hoffmann alichapisha kitabu cha watoto ambacho katika toleo la baadaye kiliongezewa picha ya Philipp, mvulana anayebembea kwenye kiti mezani hadi anaanguka na kitambaa, sahani na chakula chote. Mwaka 1902 George Still aliwahutubia madaktari wenzake London kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia, ingawa baadhi yao walilelewa vizuri. Lakini hata yeye aliuita huo upungufu wa maadili. Mtoto alibaki mkosaji.

Marehemu alizaliwa katika janga. Kuanzia 1917 ulienea ugonjwa wa uvimbe wa ubongo ulioelezwa na Constantin von Economo kutoka Vienna. Uliwalaza watu usingizi mzito, ingawa haukuwa malale ya mbung'o tunayoijua sisi. Watoto walionusurika walirudi nyumbani wakiwa wamegeuka. Aliyekuwa mpole akawa hakamatiki: usiku halali, mchana anapiga na kuvunja. Hapo sababu ilikuwa wazi, ubongo uliumia na tabia ikabadilika. Kosa lilikuja baadaye. Madaktari walipokutana na mtoto mtukutu ambaye hakuwahi kuugua wala kuumia, walisema naye ana jeraha, ila ni dogo mno kuonekana. Mvua hulowesha barabara, lakini si kila barabara iliyolowa imenyeshewa.

Kazi ya marehemu ilionekana zaidi Marekani. Alfred Strauss, daktari aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, alitoa kitabu mwaka 1947 pamoja na mwalimu Laura Lehtinen kuhusu kuwafundisha watoto waliosemekana kuumia ubongo. Ingia katika darasa walilolipendekeza. Kuta hazina picha. Vioo vya dirisha vimezibwa ili mtoto asivutwe na ya nje. Dawati limeelekezwa ukutani, na mwalimu hajavaa bangili wala mkufu. Darasa hilo lilijengwa kwa upendo, na lilikuwa na upweke ndani yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1931, hospitali ya watoto ilifunguliwa East Providence, jimbo la Rhode Island. Ilipewa jina la Emma Pendleton Bradley, binti aliyeugua uvimbe wa ubongo akiwa mdogo na kubaki na ulemavu. Mganga wake mkuu alikuwa Charles Bradley, wa ukoo huo huo. Ili kuutazama ubongo, enzi hizo mtoto alichomwa sindano mgongoni, maji ya uti wa mgongo yakatolewa, hewa ikaingizwa mahali pake, ndipo picha ya eksirei ikapigwa. Kichwa kiliwauma watoto vibaya baada ya hapo. Bradley akajaribu kuwatuliza kwa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini. Maumivu hayakupungua sana, ila walimu waliona jambo: watoto waliketi wakafanya hesabu hadi mwisho. Mwaka 1937 aliandika kwamba kati ya watoto 30 waliopewa dawa hiyo kwa wiki moja, 14 waliendelea vizuri mno darasani. Watoto wenyewe waliiita dawa hiyo vidonge vya hesabu. Hivyo, watu wakilitafuta jeraha, wakakutana na dawa.

Dawa mashuhuri zaidi ilifuata. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon, wa kampuni ya Ciba huko Basel, alitengeneza methilifenideti. Akaiita Ritalin, kwa jina la mkewe Marguerite aliyeitwa Rita. Miaka ya 1950 ikaingia sokoni.

Marehemu alianza kuugua alipoulizwa ushahidi. Mwaka 1962 wataalamu wa mishipa ya fahamu ya watoto walikutana Oxford, wakakubaliana kwamba jeraha la ubongo haliwezi kuthibitishwa kwa tabia peke yake. Jina likalegezwa, likawa Hitilafu Ndogo ya Ubongo. Mwaka 1966 jopo la Marekani likaorodhesha dalili zake 99, na jina likawa kama juya linalokokota kila samaki. Kisha uchunguzi wa Michael Rutter na wenzake katika Kisiwa cha Wight, Uingereza, ukaonyesha kwamba watoto walioumia ubongo kwa kweli hawakuwa na tabia moja ya pamoja. Waliopata matatizo waliyapata ya kila aina. Marehemu hakuwa na mahali pa kusimama tena.

Ameacha warithi. Virginia Douglas wa Montreal alionyesha mwaka 1972 kwamba tatizo la watoto hawa ni umakini na kujizuia, zaidi ya miguu isiyotulia. Mwongozo wa 1980 ukautanguliza umakini, na mwaka 1987 likaja jina la ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na kutotulia. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na mwongozo wa 2013 umepanua masharti yake ili kuwatambua pia watu wazima.

Sasa madeni. Marehemu anadaiwa na mama waliokaa usiku wakikumbuka kila homa na kila mara mtoto alipoponyoka mikononi, wakitafuta kosa ambalo hawakulitenda. Anadaiwa na watoto walioambiwa wameharibika ubongo na hakuna aliyeliona hilo jeraha. Anadaiwa na wasichana walioketi kimya wakiota ndoto za mchana, ambao hawakuvunja sahani na kwa hiyo hawakutazamwa.

Wema wake nao nausema kwa moyo wote. Yeye ndiye aliyemtoa mtoto mikononi mwa wanaohukumu maadili, akampeleka kwa daktari. Kabla yake jibu lilikuwa fimbo. Baada yake watu walianza kuuliza kinachomsibu mtoto.

Kwetu bado hajazikwa vizuri. Mtoto mtukutu huambiwa aliangushwa na yaya, kichwa kikapata hitilafu, au hurudishwa mikononi mwa fimbo kana kwamba miaka hii yote haijapita. Basi habari ziwafikie walimu, wazazi, na bibi na babu walioachiwa wajukuu, popote walipo: Jeraha Dogo la Ubongo amekwisha kufariki. Mtoto asiyetulia mkalishe karibu na mwalimu, mgawie kazi fupifupi, mwache anyooshe miguu, na mpeleke kwa daktari anayeijua ADHD. Usimtafutie jeraha, wala usimtie jeraha kwa fimbo.