Rangi Nyekundu Kichwani

Kazi yangu ni kuwalaza watu ndani ya mashine ya MRI. Vua saa, toa sarafu mfukoni, lala, usitikisike. Miaka tisa nilikuwa nawaambia wagonjwa hayo kwa upole, kisha narudi nyumbani kumpiga mke wangu.

Sipambi. Nilimpiga juu ya kiwiko, mahali nguo inapofunika. Joto lote la Dar es Salaam, yeye mikono mirefu.

Alipoondoka na mtoto kwenda kwa kaka yake, nikaangukia utafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, uliochapishwa 2016. Wanaume 21 waliohukumiwa kwa kupiga wake au wapenzi wao, na wengine 20 waliohukumiwa kwa makosa mengine, walionyeshwa picha wakiwa ndani ya mashine kama yangu. Zilipopita picha za mwanamke anayepigwa na mwenzake, wale 21 ubongo uliwaka zaidi sehemu za katikati, huku sehemu ya juu ya paji ikipoa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona nimepata cheti cha daktari.

Nikampigia shemeji, nikaomba kuongea na dada yake. Nikamweleza yote, hadi ile rangi nyekundu kwenye picha za ubongo. Alinyamaza mpaka nikamaliza.

"Baba Neema, na yule bosi anayekutukana mbele ya wagonjwa, yeye unamsikiliza kwa ubongo upi?"

Aibu ni kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua. Ile nyekundu haimo kichwani mwa mtu. Mashine hufuatilia oksijeni kwenye damu, tena kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Rangi hupakwa na kompyuta baada ya hesabu, na hesabu yenyewe ni wastani wa kundi zima. Haisemi kama ubongo ulitangulia au mazoea ya kupiga ndiyo yaliyouzoesha. Haya mimi humfundisha mwanafunzi wa fildi kwa dakika kumi. Mimi nilikuwa natafuta kisingizio.

Nilikwenda ustawi wa jamii, nikakaa benchi moja na wanawake waliokuja kushtaki watu kama mimi. Afisa hakuniuliza habari za ubongo. Alitaka nitaje siku, saa, nilisimama wapi, na mlango nani aliufunga. Niliufunga mimi. Kila mara.

Ni mwaka wa nne sasa. Mke wangu hajarudi, na simdai. Neema huja Jumamosi. Akiniletea chai, kikombe hukiweka mbali kidogo na mkono wangu, kisha hurudi nyuma hatua moja. Mimi husubiri akae kwanza, ndipo nikivute.