Kidole cha mzee na neno "mshipa"

Nimekuwa kimya kidogo, mniwie radhi. Leo sina habari za programu, nina habari za mkono wa baba.

Mzee aliendesha malori kutoka Isiolo hadi Moyale enzi za vumbi, kabla ya lami. Sasa yuko nyumbani, na kidole chake cha pete kimejikunja. Kiganjani kuna kinundu kigumu, na kutoka hapo kamba nyembamba chini ya ngozi imeelekea kidoleni. Akasema ni mshipa uliokazwa na usukani. Mkandaji akaukanda kwa mafuta wiki tatu. Mzee akauma meno, kidole hakikunyooka.

Upasuaji hataki kusikia: "Wakikata mshipa, kidole kimekufa."

Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba ukiita vitu vitatu jina moja, utatafuta kosa hadi alfajiri. Mshipa kwetu ni njia ya damu, ni neva, tena ni kano. Na ile kamba si hata kimoja kati ya hivyo!

Tabibu alishika kinundu, akamwambia mzee akunje kidole polepole. Kinundu kilitulia. Kingekuwa kwenye kano kingeteleza nayo, maana kano ndiyo inayovutwa na msuli kila ukikunja kidole. Hiki kimo katika utando mgumu uliotanda kati ya ngozi na kano. Utando ukinenepa hufanya vinundu, kisha kamba, na kamba ikifupika hukivuta kidole. Kano ziko chini yake, nzima. (Aliuliza pia kuhusu kisukari, ambacho mzee anacho. Huongeza uwezekano.)

Ugonjwa huu una jina la Guillaume Dupuytren, mpasuaji wa Paris. Alipata mkono wa mzee aliyefariki, akabandua ngozi: vidole bado vimekunjika. Akakata kamba za utando: vikanyooka, na kano hakuzigusa. Mwaka 1831 akaanza kuwapasua walio hai. Hata mimi kosa hulitafuta hivyo hivyo, naondoa kimoja baada ya kingine.

Tumepewa barua ya kwenda kwa mpasuaji. Nilimchorea mzee tabaka zote kwenye karatasi: ngozi, utando, kano. Akatazama sana. Kisha akalaza kiganja mezani, kando ya kibodi yangu, na kupitisha kalamu chini ya kile kidole.

"Basi ni huu utando tu watakata?"

Tunaondoka Jumatatu.