Jua la Ugenini

Kiburi cha mtu aghalabu huota mahali anapojidhani ana ujuzi. Mimi ni mzaliwa wa pwani. Nimelelewa juani, nimecheza juani na nimefanya kazi juani. Kwa hiyo nilipokwenda mji wa Sevilla, Uhispania, katika Julai ya mwaka 2022, niliamini kwamba joto ni ndugu yangu, na ndugu hamdhuru nduguye. Nilikosea, na kosa langu nusura limlipishe mtu mwingine.

Tulikwenda kutembea siku nne, mimi na mke wangu. Mwaka ule mji wa Sevilla ulianza kuyapa mawimbi ya joto kali majina, kama tufani zinavyopewa, jambo ambalo hapana mji mwingine duniani uliokuwa umelifanya kabla yake. Wimbi la kwanza liliitwa Zoe, nalo lilitukuta huko. Mwenye nyumba tuliyofikia alituonya tusitoke tangu saa nane mchana mpaka jua likaribie kuchwa, maana saa za nchi ile zimelitangulia jua, na ukali wake hufika kileleni jioni.

“Mama Salma,” nilisema, “hawa hawajapata kuiona Machi ya kwetu.”

“Baba Salma,” alijibu, “mgeni ni kipofu, ingawa ana macho. Tuwafuate wenyeji.”

Sikumsikia. Saa tisa tuliuendea mnara wa Giralda, uliomalizika mwaka 1198 ukiwa mnara wa msikiti, na ambao sasa ni wa kengele za kanisa kuu. Njia zilikuwa tupu. Joto la pwani yetu ni nadra kupita digrii 35, na kwa unyevu wa hewa humwosha mtu kwa jasho, akajua kuwa anapoteza maji. La kule lilipita 40, nalo lilikuwa kavu. Jasho lilikauka kabla ya kuonekana, na mwili ulipungukiwa maji pasipo kutoa habari. Mke wangu alinyamaza. Uso wake ulipauka. Aliegemea ukuta, akauondoa mkono kwa kuwa ukuta uliunguza, kisha magoti yakamlegea.

Mlango ulifunguka, na bibi mmoja mzee akatuita kwa mkono. Hatukuwa na lugha moja, lakini huruma haihitaji mkalimani. Alimlaza mke wangu juu ya vigae vya baridi, akaiinua miguu yake juu ya mto, akamwekea nguo mbichi shingoni na makwapani, akamnywesha maji kidogo kidogo. Baada ya nusu saa rangi ilimrudi.

Ndipo nilipoitazama nyumba ile. Kuta zake zilikuwa nene; katikati palikuwa na ua, miti na maji; juu palitandwa turubai. Hata njia kuu za mji hutandwa nguo kutoka paa hadi paa, kama matanga. Nilikumbuka nyumba za mawe za Lamu na Unguja, zenye kuta nene na ua wa ndani, na vichochoro vyembamba ambavyo kuta zake hukopeshana kivuli. Wazee wa huku na wa kule walijua jambo moja: jua halishindwi kwa ushujaa, huepukwa kwa adabu. Bibi yangu alituita ndani kila adhuhuri. Elimu yake niliiacha nyumbani. Sifa ya kuzaliwa juani ndiyo niliyosafiri nayo.

Katika Agosti ya mwaka 2003 joto liliwaua watu wapatao 15,000 katika Ufaransa peke yake, na wengi wao walikuwa wazee. Hesabu ile nilikuwa nikiijua. Walakini haikuwa na uso, mpaka nilipoona uso wa mke wangu ukipauka ukutani.

Siku zilizobaki tuliamka alfajiri, tukalala mchana madirisha yamefungwa, tukatembea usiku pamoja na wenyeji na watoto wao. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake kilinilemea kuliko lawama. Asubuhi ya kuondoka alinipa chupa ya maji.

“Baba Salma,” alisema, “kunywa kabla ya kiu.”

Nilikunywa.