Safari ya maji kutoka Mlandizi hadi vilima vya Kisarawe

DALADALA ya Mbezi kwenda Mlandizi hupita Kiluvya, Maili Moja na Visiga. Abiria anayetazama dirishani huona fremu za maduka, mabango ya viwanja na mafungu ya matunda kando ya lami. Kitu kikubwa kuliko vyote njiani hakionekani, kwa sababu kimefukiwa. Ni mabomba yanayotoa maji Mlandizi, wilayani Kibaha, kuyapeleka Kibamba, Kimara na mitaa mingine mingi ya Dar es Salaam.

Maji hayo ni ya Mto Ruvu. Mto huo unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, unashuka kupitia Mkoa wa Pwani na kuingia Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Katikati ya safari hiyo jiji linauchotea mara mbili. Mtambo wa Ruvu Juu, ulio Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ruvu Chini, ulio Bagamoyo, ulifuata mwaka 1976. Baada ya upanuzi, wa kwanza unaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, wa pili lita milioni 270.

Mtoto aliyezoea maji meupe ya bombani hushangaa akifikishwa darajani Ruvu wakati wa masika. Mto una rangi ya chai ya maziwa. Ule ni udongo wa mashamba na kingo zilizomomonyoka huko juu. Mtamboni maji hutiwa dawa ya kugandisha tope, kama bibi alivyokuwa akitia shabu mtungini, yakaachwa yatulie, yakachujwa kwenye mchanga, kisha yakatiwa klorini. Tope likizidi, dawa nayo inazidi, na gharama inapanda.

Kutokana na hesabu hiyo lilizaliwa wazo ambalo wengi waliopo mjini hawajawahi kulisikia. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi kwenye vijiji vya Uluguru ambako mkulima alilipwa kwa kutunza maji. Aliyekata matuta kwenye mteremko wake au kupanda miti alihesabiwa kuwa amefanya kazi kwa niaba ya watu wa chini, na miongoni mwa waliochangia malipo walikuwa DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji jijini, na kiwanda cha Coca-Cola. Jiji la New York, Marekani, lilikuwa limeshafanya jambo la aina hiyo miaka ya 1990, likachagua kulinda misitu na mashamba ya milima ya Catskill badala ya kujenga mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola. Nairobi nayo ina mfuko wake wa Tana ya Juu tangu 2015. Ule wa Uluguru ulikuwa mdogo, na malipo hayakuwa ya kumtajirisha mtu. Lakini ulisema kweli moja isiyopendeza masikioni mwa watu wa mjini: mkulima wa mlimani anaombwa kila mara asilime kando ya mto, na ni mara chache anaulizwa atakula nini.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Ila sheria haileti mvua. Mwishoni mwa Oktoba 2022 Ruvu ulipungua mpaka jiji likaingia kwenye mgawo, na akina mama wakarudi kwenye foleni za madumu. Novemba mwaka huo ukasainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, Morogoro, ili maji ya masika yawekwe akiba ya kiangazi.

Kisarawe ina kisa chake. Mji huo uko juu ya vilima, hatua chache tu baada ya Pugu, na kwa miaka mingi wakazi wake waliliona jiji likipata maji ya bomba huku wao wakinunua ya madumu. Juni 2020 ulizinduliwa mradi unaosukuma maji ya Ruvu Juu kutoka Kibamba hadi huko mlimani. Maji yale yale yaliyopita Kibaha yakapanda Kisarawe. Kwa msichana wa shule aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kisimani, hiyo ni saa nzima ya usingizi au ya daftari.

Kinachofanya habari hii iwe na ladha ya ajabu ni kwamba Kisarawe yenyewe ni mama wa mto. Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo, palipo na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ni misitu ya zamani sana, yenye viumbe wasiopatikana kwingine, na kwa miongo mingi imekuwa ikikatwa kwa ajili ya mkaa unaopikia wali jijini. Sasa inatunzwa kama hifadhi ya mazingira asilia, na familia inaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: kupanda Gongo la Mboto, kutembea chini ya miti, kuona mapango yenye popo na bwawa la Minaki. Viatu vya kufunika vidole ni muhimu kuliko kamera.

Pale msituni, Msimbazi ni kijito ambacho mtoto wa darasa la tatu anaweza kukiruka. Ukishuka unapita Vingunguti, unatanuka Jangwani, kule ambako mafuriko yamezoeleka, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Salenda, karibu na daraja la Tanzanite ambako watu huenda jioni kupiga picha. Chupa iliyotupwa mtaroni Pugu siku ya mvua kubwa ina njia iliyonyooka ya kufika hapo.