Mkufu wa Kindi

Mwaka 1772 kuna mtu mjini Boston aliagiza mkufu wa fedha wa kumfungia kindi wake. Paul Revere, mfua fedha, aliufua na kuuingiza kwenye daftari la karakana, pamoja na bizimu za viatu na vijiko vya chai, kama kazi nyingine yoyote.

Wamarekani wanamjua kwa farasi. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 alitoka mbio kuwaonya wenzake kwamba askari wa Mwingereza wako njiani; Longfellow akamtungia shairi mwaka 1860, na tangu hapo hajashuka tena juu ya farasi huyo. Kwamba alikamatwa kabla ya kufika Concord, alikokuwa akielekea, shairi halikugusia. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, nyundo za masonara zikigonga nyuma ya nyumba yetu. Niliyekwenda kumtafuta ni fundi, na watu wake.

Daftari zake za 1761 hadi 1797 zimehifadhiwa na Massachusetts Historical Society, mtaa wa Boylston. Chumba cha kusomea ni kimya, kalamu ya wino hairuhusiwi, na saa tatu hupita hujui zimepitaje. Tatizo la kwanza ni jina lenyewe. Baba yake alizaliwa mwaka 1702 Riaucaud, kusini-magharibi mwa Ufaransa, akaitwa Apollos Rivoire. Jamaa zake walikuwa Waprotestanti, na Mfalme Louis wa 14 alikuwa ameshawanyang'anya haki ya kuabudu tangu 1685. Mtoto alipelekwa kisiwani Guernsey kwa ami yake, akavushwa hadi Boston akiwa na miaka 13, akakabidhiwa kwa fundi John Coney ajifunze kazi.

Coney alifariki mwaka 1722. Waliohesabu mirathi yake waliandika na muda wa mwanagenzi wake: miaka kama mitatu na nusu iliyobaki kwenye mkataba, thamani yake paundi 30. Kijana alijikomboa kwa paundi 40. Mstari huo niliurudia mara kadhaa. Kwa Mzanzibari, mtu kuonekana kwenye orodha ya mali si habari ngeni, na katika Boston hiyo hiyo walikuwapo watumwa walioorodheshwa wao wenyewe, mwili na roho, bila tarehe ya kuachiwa. Apollos aliuzwa saa zake tu. Akatoka, akajiita Paul Revere, jina lisilomsumbua mteja ulimini, na mwaka 1729 akamwoa Deborah Hitchbourn. Mtoto wao akarithi jina na nyundo.

Kumbe na mtoto naye alikuwa akiwatafuta wazee wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 aliandikiana barua na jamaa zake wa damu, John Rivoire wa Guernsey na Mathias Rivoire wa Ufaransa. Guernsey ilikuwa chini ya mfalme yule yule ambaye Boston ilikuwa ikipigana naye, lakini barua zilikwenda. Za Ufaransa zilimtaabisha kwa namna nyingine: lugha ya baba yake hakuijua sawasawa.

Baada ya karatasi, miguu. Mtaa wa North End ni wa kutembea polepole. Vichochoro vyake vimepinda, nyumba zimebanana, na siku hizi kote kunanukia kahawa na kitunguu saumu cha Waitaliano. Mtoto wa Mji Mkongwe hapotei hapa. Uwanja wa North Square ndipo ilipo nyumba ya mbao aliyoinunua mwaka 1770, yenyewe ikiwa imejengwa mnamo 1680. Nilisimama ndani nikihesabu: watoto 16, wanane wa Sarah Orne, wanane wa Rachel Walker, aliyemwoa mwaka ule ule wa 1773 aliofiwa na Sarah. Sikuelewa walilala wapi.

Hatua chache kutoka hapo ni Old North Church, kanisa la 1723. Watalii huinua macho kutazama mnara ambamo, katika lile shairi, taa ziliwashwa kama ishara. Mimi nilikuwa nafikiria mkataba: Revere akiwa bado kijana, yeye na wenzake, saba kwa jumla, walitia saini kuzigonga kengele za juu kule, na wakaapizana kwamba hakuna atakayemwomba mtu pesa. Mnara mmoja, na kitu kilichonigusa ni wavulana saba wasiotaka kuombaomba.

Ukifuata mstari mwekundu uliochorwa njiani utafika makaburi ya Granary, ambako alizikwa mwaka 1818. Nguzo kubwa yenye jina lake ni ya baadaye. Pembeni yake kuna kijiwe kifupi kilichoandikwa kwamba hili ni kaburi la Revere, basi. Watu wamepanga senti juu yake. Nilipokuwa nachutama kukisoma, kindi wawili walipita wakifukuzana juu ya mawe ya makaburi, shingo zao tupu.